Sakado (begi la mugongoni) moja ya kupanda mawe na ya kutembea milima, nichukue gani?

binti_wa_Himbi (Goma)

Jambo ba yaya na ba kaka wote, munisamehe naandika murefu kidogo. Miye niko Goma, Himbi. Milima nilianzia hapa hapa nyumbani, 2019 tulipanda Nyiragongo na ba binamu tukitokea Kibati, mugongoni nilikuwa na sakado ya masomo, ile ya kubebea makaye (madaftari), na mufuko wa kulalia nimeufunga chini na kamba ya mbuzi. Kila nikipiga hatua unanigonga matako. Mwisho mubeba mizigo mumoja akanihurumia, akafungua yote akafunga upya, akaniambia dada hii haiko sakado, hii ni azabu.

Sasa mwaka jana nilienda Nairobi kwa mukubwa wangu, yeye anapandaka mawe kila wikendi, akanipeleka Hell's Gate kule Naivasha, nikapanda Fischer's Tower, lile jiwe lenye kusimama peke yake kama mumea wa mahindi kwenye shamba tupu, mita kama 25 hivi. Mikono ilitetemeka siku mbili lakini nilishikwa, siwezi kuacha tena.

Mwezi wa 2 narudi. Mupango ni siku tano za mawe, kisha tunaenda Mlima Kenya mpaka Point Lenana, siku ine na kulala kwenye vibanda. Na huku kwetu mambo ikitulia nataka mulima Kahuzi, na Nyiragongo tena. Donki (kwa hiyo) nataka SAKADO MOJA ya kufanya yote, juu pesa ya kununua mbili sina, na kwa basi toka Kigali mpaka Nairobi sitaki kuwa na mizigo kama mutu anahama.

Sokoni Birere nimeona moja ya litri 65, mifuko kila pahali, rangi nzuri, muuzaji anasema dola 45. Mukubwa wangu anasema litri 35 inatosha. Kati ya 35 na 65 si ni pori nzima? Miye niko na kilo 58, urefu metre 1 na 60. Makuta yangu mwisho ni dola 120. Munisaidie.

---

MwanaBukavu_Nai (Nairobi, kwetu Nguba)

Dada karibu. Litri usianze nazo, anza na mizani. Chukua ile ya jikoni ama ya kupimia sambaza (samaki wadogo) sokoni, weka kitu kimoja kimoja. Mimi nilifanya hivyo siku moja nikanyamaza kabisa.

Kamba ya mita 60 yenye unene wa milimita 9.8, hiyo peke yake ni kilo karibu 3.8. Degene 12 (zile karabina mbili mbili zenye kushonewa utepe katikati) kila moja ni kama gramu 100, kwa hiyo kilo 1.2. Bodrie yako (mukanda wa kiuno na mapaja wa kufungia kamba) gramu 400 mpaka 500, viatu vya kupandia nusu kilo, kaski (kofia ngumu) gramu 300, chombo cha kushikia kamba na karabina zake za kufunga kama 300 tena. Maji litri 2, Hell's Gate kuna jua na vumbi usiende na chini ya hapo, ni kilo 2 zingine. Weka chakula na koti, umefika kilo 10 na kitu bila kulala popote. Sasa watu wa kutembea na mizigo wanasema mutu asibebe zaidi ya sehemu moja kwa tano ya kilo zake, wewe na 58 ni kama 11 na nusu. Unaona uko pale pale kwenye mustari. Na mukubwa wako mukienda wawili kamba anabeba mumoja, degene mwingine, usikubali kubeba vyote eti wewe ndiye mudogo.

Sasa Lenana. Kule kamba hutabeba, ni njia ya kutembea, kamba ni kwa wale wanaenda Batian na Nelion, vilele viwili vya juu kabisa. Mahali pa kamba panaingia mufuko wa kulalia, koti nzito, sufuria. Ukipita njia ya Sirimon utalala kibanda cha Old Moses kwenye mita 3,300, kisha kile cha Shipton's kwenye mita 4,200 na kitu, kule usiku maji yanaganda kwenye chupa, lakini kwa sababu ni vibanda hema hulibebi. Ndiyo maana litri 38 mpaka 45 inafanya kazi zote mbili. Chini ya 35 utafunga vitu inje kama muuza ndoo. Hiyo ya 65 iache.

Kwa nini naikataa ya 65 na si bei? Ya kwanza, sakado kubwa haibaki tupu, utaijaza tu, mikate, viatu vya tatu, taulo ya mama. Ya pili nayo ndiyo kubwa zaidi: ukivaa kaski na uko kwenye jiwe unatakiwa kuangalia juu, kujua mukono unaenda wapi. Sakado ndefu inapita kichwa, kaski inagonga kwenye kifuniko, unabaki unaangalia magoti yako. Nilipanda hivyo mawe ya Lukenya mara moja na sakado ya kuazima, nilipofika juu shingo ilikuwa kama ya kuku wa kuchinjwa. Kwa hiyo tafuta yenye kifuniko cha kutoka, unakitoa unakiacha chini.

---

vye_Katindo (Goma)

Mudogo, mimi nitasema tofauti. Hawa ba Nairobi wanapenda vitu vidogo juu wanaenda na gari mpaka chini ya jiwe. Mimi nimebeba mizigo Rwenzori tukitokea Mutwanga, siku sita, mvua siku sita, sakado yangu ni litri 70 na sikujuta hata mara moja. Mufuko mukubwa ukiwa nusu unaukaza mikanda ya pembeni, inakuwa ndogo. Mufuko mudogo hauwezi kuukaza ukawa mukubwa. Dola 45 unabakisha 75 za kula njiani. Chukua.

---

MwanaBukavu_Nai

Vye heshima yako, Rwenzori ni Rwenzori, siku sita na hema na vyakula hata mimi ningebeba 70. Lakini yeye amesema mawe siku tano na vibanda siku ine. Na ya 70 hata ukaze namna gani, fremu yake haikazwi, ile mifupa ya aluminiamu inabaki na urefu wake nyuma ya kichwa. Kaski haijui kama ndani ni tupu.

---

vye_Katindo

Hapo kwa kaski sibishi, mimi kaski sikuvaaka. Lakini kwa bei nabisha.

---

fundi_wa_Birere (Goma)

Mimi siyo mutu wa kupanda milima, nikipanda ngazi ya orofa mbili natafuta kiti. Lakini nashona sakado kwa mashini hapa Birere miaka mingi, za wanafunzi, za wazungu wa mashirika, za ma-militeri, zote zinakufia kwenye mikono yangu. Nawaambia zinakufia wapi.

Pa kwanza ni pale mukanda wa bega unaingia kwenye mugongo, juu. Geuza sakado, shika mukanda, vuta kwa nguvu uangalie sindano. Ukiona uzi umepita mara moja tu kwa mustari, wacha. Inatakiwa uone uzi umerudi rudi pale pale mara nyingi mpaka inakuwa kama kijiti kigumu. Pa pili ni zipu. Zipu kubwa yenye kuzunguka sakado yote ni nzuri dukani, lakini ikijazwa sana inapasuka njiani na njiani hakuna mimi. Ile ya mudomo wa kukaza na kamba juu halafu kifuniko, hiyo haina cha kupasuka. Pa tatu ni vifungo vya plastiki. Bonyeza ufungue ufunge mara kumi, ukisikia inalia kavu kavu kama chupa ya maji, siku ya baridi itavunjika. Pa ine ni chini, matako ya sakado. Sisi huku Goma tunaweka sakado chini juu ya mawe ya volkano, ile changarawe nyeusi ni kama msumeno, angalia kama chini wameweka kitambaa cha pili.

Ile ya litri 65 ya dola 45 naijua, iko kwa wengi hapa sasa, hata mimi nimeshazitengeneza tano. Rangi nzuri kweli. Ndani kwenye mugongo hakuna fremu, ni katoni imefunikwa na sponji. Ikilowa mara mbili katoni inakuwa bugali. Sisemi musinunue, kila mutu na kazi yake, ya kubebea nguo kwenda Bukavu na mashua inafaa.

Kwa dada, zunguka kwa wale wanaofungua ma-balo ya okazioni (mitumba) asubuhi, usiende saa nane watu wameshachagua. Sakado za kweli zinakuyaka mule, chafu, zimekatika kifungo kimoja, wanauza bei ya kutupa juu hawajui. Kifungo ni dola moja. Kushona mukanda upya na uzi wa nailoni ule wa nyavu, dola tatu.

---

kaka_Kenya_Lushi (Lubumbashi)

(Kenya hapa ni komini yetu ya Lushi, siyo inchi, kabla watu hawajaanza kuniuliza njia ya Naivasha.)

Fundi asanti, hiyo ya katoni umenichekesha lakini ni kweli tupu. Niongeze kitu kimoja juu ya mugongo, juu wote munaongea litri na hakuna mwenye amemuuliza dada mugongo wake uko na santimetri ngapi. Urefu wa mutu si urefu wa mugongo. Niko na rafiki wa metre 1 na 80 mwenye mugongo mufupi kuliko wangu, miguu tu ndiyo mirefu.

Pima hivi: inamisha kichwa, gusa shingo nyuma, kuna mufupa unatokeza kuliko mingine. Hapo ndipo pa kuanzia. Kisha weka mikono kiunoni kama mama anayesubiri mutoto aliyechelewa, vidole gumba viangalie nyuma, juu ya ule mufupa wa nyonga. Mutu mwingine apime na santimetri ya fundi toka kwenye mufupa wa shingo mpaka kwenye mustari wa vile vidole gumba. Huo ndio mugongo wako. Kampuni nyingi chini ya 45 wanaiita ndogo, 45 mpaka 50 ya kati, lakini kila kampuni na vipimo vyake, angalia ya kwao.

Maana yake nini: mukanda wa kiuno unatakiwa kukaa juu ya mifupa ya nyonga, si kwenye tumbo. Ukikaa vizuri, uzito mwingi unakaliwa na nyonga na miguu, mabega yanashika tu isianguke. Sakado ikiwa ndefu kuliko mugongo, mukanda unashuka kwenye matako, mabega yanabeba vyote, saa mbili tu mikono imekufa ganzi. Na wewe unataka mikono ya kupandia!

Sasa shida moja ya watu wa mawe. Ule mukanda wa kiuno munene wa kutembelea unakaa pale pale pa bodrie. Unafunika zile pete za kutundikia degene, unakalia kifundo cha kamba. Kwa hiyo tafuta sakado yenye mukanda wa kiuno wa KUTOKA, ama wa kurudisha nyuma uufungie kwa inje. Unatembea nao, ukivaa bodrie unautoa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya sakado ya milima na sakado ya kutembea tu, kuliko hata litri.

Majina kama utayaona kwenye okazioni: Deuter Guide, Osprey Mutant 38, Black Diamond Speed. Hizo zote zilitengenezwa kwa kazi hiyo, kifuniko kinatoka, mukanda wa kiuno unatoka ama unarudishwa nyuma, zina mukanda wa kubana kamba juu. Ile Speed hata fremu inatoka, inabaki kama gunia, nyepesi. Kwenye Deuter ukiona herufi SL, hiyo imekatwa kwa migongo mifupi na mabega membamba, ni ya wanawake, kwako ingekuwa bahati. Mupya kwa duka zinapita dola 150 kwa urahisi, kwa hiyo fundi ana haki, ni balo.

---

binti_wa_Himbi

Weee, sikutegemea. Nimepimwa na dada yangu, mugongo 42! Tulirudia mara tatu juu hakuamini. Donki ile ya 65 ingenifika magotini.

Kaka wa Lushi, swali: zile namba 210D, 420D kwenye kitambaa ni nini? Muuzaji aliniambia ni kilo inayoweza kubeba, 420 ni kilo 420. Hata mimi nilijua hapo ananidanganya lakini sikuwa na jibu.

Na lingine, siku za mawe, si nitakuwa nabeba sakado kubwa juu ya jiwe bure kama ni maji na koti tu?

---

kaka_Kenya_Lushi

Kilo 420! Huyo ni ngamia anauza si sakado. D ni denier, uzito wa uzi: ukichukua huo uzi mita 9,000 ukapima, ukipata gramu 420 hiyo ni 420D. Uzi munene, kitambaa kigumu zaidi, kizito zaidi. Kwa mawe usishuke chini ya 210 pale pembeni, na chini ya sakado iwe 400 ama zaidi. Lakini namba si yote, nailoni na poliesta zenye namba moja hazilingani, nailoni inavumilia kukwaruzwa zaidi. Na angalia inje iwe laini, isiwe na vimifuko vya wavu wavu. Jiwe linapendaka kushika vitu hivyo, na ukivuta sakado na kamba utaacha vipande vyake njiani kama mutu anayepanda mbegu.

Swali lako la pili ndilo zuri. Nilikuwa na shida hiyo, dawa yake ni hii: nunua kale kamufuko kadogo ka litri 15 ama 18, kembamba, kasiko na fremu, ka kukunja. Kwenye basi kanakaa ndani ya kubwa kama mufuko wa nguo chafu. Ukifika chini ya jiwe kubwa inabaki chini na kamba yako umeitandika juu ya shitingi (turubai la plastiki) isile vumbi, wewe unapanda na kadogo, maji litri moja, koti ya mvua, taa ya kichwa. Kwa okazioni kanauzwa dola tatu, tano. Watu watasema hizo ni sakado mbili, mimi nasema ni moja na nusu.

---

vye_Katindo

Hiyo ya moja na nusu naikubali. Mudogo nimerudisha maneno yangu ya 65. Lakini sikia la mvua, juu hawa wote hawajaongea mvua na wewe unataka Kahuzi. Mimi Kahuzi nilipanda kabla ya mambo haya, mita 3,308, unapita ndani ya mianzi, na mianzi hata mvua ikiisha juu yenyewe inaendelea kunyesha. Kile kifuniko cha mvua wanauzia pamoja na sakado, kile cha rangi ya machungwa, mianzi inakivua kama kofia ya mutoto. Mimi naweka gunia la plastiki NDANI, lile nene la mbolea lenye kusafishwa ama shitingi unafungisha mwenyewe, vitu vyote vinaingia mule, unasokota mudomo. Sakado ilowe inje ipende isipende, mufuko wa kulalia uko mukavu. Dola sifuri.

---

MwanaBukavu_Nai

Vye hapo umemaliza. Mimi naongeza namna ya kupanga halafu nanyamaza. Mufuko wa kulalia chini kabisa. Kizito, yaani chakula, sufuria, degene, katikati, ukiwa umekigandamiza kwenye mugongo si kwa inje. Koti ya mvua na taa juu. Kamba siku za mawe usiiingize ndani, ilaze juu ya mudomo, ushushe kifuniko juu yake, mukanda wa katikati uibane. Kwa njia ya mawe ya kupanda na mikono shusha kizito kidogo, ukiweka juu sana itakusukuma ukigeuka. Na degene tia ndani ya mufuko wa kitambaa, zikikaa ovyo kila hatua zinapiga kengele kama mbuzi wa harusi na zinakula kitambaa toka ndani.

Kitu kingine, usinunue bila kuipakia. Bidoni ya maji ya litri 10 ni kilo 10, mwambie muuzaji aitie ndani, tembea toka kwake mpaka kwenye barabara na urudi. Akikataa, hataki kuuza.

---

binti_wa_Himbi

Jamani nimerudi na habari. Juzi nimeamka saa kumi na moja, nikaenda kwa ma-balo. Siku ya kwanza kitu hakuna, sakado za mutoto na picha za ba princess. Leo nimepata Deuter Guide, imeandikwa 34+, ile nyongeza naona ni shingo ya juu inavutwa inapanda. SL haiko. Ni ya kijani imepauka, kifuniko kinatoka, mukanda wa kiuno unatoka, nimejaribu mbele ya muuzaji akashangaa, alifikiri nimeuvunja. Alianza dola 40 nikatoa 22. Bidoni niliitia, watu wa chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) walinicheka mpaka wakasimama kunipisha. Iko ndefu kwangu kidogo lakini nimekaza mikanda ya mabega, kiuno kimekaa kwenye mufupa.

Shida: kifungo cha kifua kimekatika, na pale bega la kushoto linaingilia juu, uzi umeanza kutoka, kama vidole viwili. Fundi, hiyo inashoneka ama nimetupa 22?

---

fundi_wa_Birere

Vidole viwili si kitu, kuna mutu aliniletea mukanda mukononi na sakado kwa mukono mwingine. Kuya nayo, tupu, usiniletee na mawe ndani. Kifungo niko nacho cheusi, kijani sina. Bega nitashona yote mawili, la kulia pia, juu kama la kushoto limechoka la kulia linakaribia. Dola saba yote. Kuya mbele ya saa sita, mchana umeme unaendaka.

---

binti_wa_Himbi

Tano.

---

fundi_wa_Birere

Sita, na shitingi ya ndani nakushonea bure.